Diski Kuu Inapolia: Kuisikiliza, Kuinusuru na Kuibadilisha

Utangulizi

Utafiti wa nyanjani katika taaluma ya Kiswahili siku hizi aghalabu huishia ndani ya tarakilishi. Sauti za wahojiwa, picha za miswada, majedwali ya msamiati na rasimu za tasnifu hurundikwa pamoja katika kifaa kimoja ambacho ukubwa wake hauzidi ule wa kitabu cha mfukoni. Kifaa hicho ni diski kuu, ambayo wengine huiita diski ngumu. Tuseme mwanafunzi wa uzamili amesafiri hadi Vanga, akaketi na wazee kwa majuma kadhaa akirekodi Kivumba jinsi kinavyosemwa na wale waliokipokea kutoka kwa babu zao, kisha akarejea chuoni na kuyahifadhi yote katika tarakilishi kuukuu aliyoinunua mkono wa pili. Miaka miwili baadaye tarakilishi hiyo inaanza kulia. Wakati huo mmoja wa wazee wale ametangulia mbele ya haki, na hakuna safari nyingine ya Vanga iwezayo kuirudisha sauti yake.

Makala haya yananuia kueleza milio ya diski hutoka wapi, ipi ni ya uzee tu na ipi ni ya mauti, na mtu ambaye diski yake imeanza kulia afanye nini. Msimamo wa makala ni kwamba kelele ya diski ni ujumbe kabla ya kuwa kero. Kazi ya kwanza ni kuinusuru data. Kuinyamazisha diski au kuibadilisha ni kazi ya pili. Wengi huugeuza mpangilio huu, na hapo ndipo hasara huanzia.

Kilichomo ndani ya kasha

Diski kuu ya kwanza kuuzwa ilitolewa na kampuni ya IBM mwaka wa 1956. Ilikuwa na sahani 50, kila moja ikiwa na kipenyo cha takriban sentimita 61, na kwa ukubwa wake wote iliweza kuhifadhi herufi milioni 5 tu. Mahojiano ya saa moja yaliyorekodiwa kwa sauti safi yasingeenea humo. Tangu hapo diski zimepungua kimo na kuongezeka uwezo kwa namna inayostaajabisha, lakini muundo wake wa msingi haukubadilika sana: sahani laini zinazozunguka, mota inayozizungusha, na mkono mwembamba unaobeba vichwa vya kusoma na kuandika.

Sahani za diski nyingi za tarakilishi za mezani huzunguka mara 7,200 kwa dakika, yaani mara 120 kwa kila sekunde. Ukingo wa sahani yenye kipenyo cha milimita 95 hivyo huenda kasi ya zaidi ya kilomita 120 kwa saa. Kanuni za matatu zilizoanza kutekelezwa nchini Kenya mwaka wa 2004 ziliweka kikomo cha kilomita 80 kwa saa; sahani hiyo ingekamatwa na polisi kila siku. Juu yake, kichwa cha kusomea hakigusi chochote. Huelea juu ya utando wa hewa, na katika diski za miaka ya karibuni nafasi iliyopo baina ya kichwa na sahani ni nanometa chache mno, ilhali unywele mmoja wa binadamu una unene wa makumi ya maelfu ya nanometa. Chembe ya moshi wa sigara ikiingia hapo ni sawa na jabali katikati ya barabara.

Hapa pana dhana potofu inayostahili kuondolewa. Watu wengi hudhani kwamba ndani ya diski hamna hewa. Ukweli ni kwamba diski nyingi zina kitundu kidogo chenye chujio ili hewa ya ndani na ya nje zilingane shinikizo, na bila hewa hiyo kichwa kisingeweza kuelea. (Zipo diski kubwa za siku hizi zilizojazwa gesi ya heli na kufungwa kabisa, lakini ni nadra kuzikuta katika chumba cha mwanafunzi.) Kinachozuiwa ni vumbi. Kwa sababu hiyo fundi anayeifungua diski juu ya meza ya duka “aitazame kidogo” huwa ameifupishia maisha kabla hajaitazama.

Milio na maana zake

Fundi mzuri huanza kwa swali: “Inalia vipi?” Jibu analolipata mara nyingi ni kwamba “inapiga kelele”. Jibu hilo halimsaidii. Inashangaza kwamba hutolewa hata na wanafunzi wa lugha yenye utajiri mkubwa wa vitenzi vya sauti na tanakali za sauti. Kuvuma si kunguruma. Kugota si kukwaruza. Na mluzi si mtatariko. Tofauti hizi, ambazo darasani hufunzwa kama mapambo ya lugha, mbele ya diski inayokufa huwa ndizo utambuzi wa ugonjwa wenyewe.

Kuvuma ni hali ya kawaida. Mota inayozunguka mara 120 kwa sekunde hutoa mvumo mzito wa chini, na mvumo huo ukiambukizwa mabati ya kasha la tarakilishi huongezeka, jinsi ubao wa gambusi unavyoikuza sauti ya uzi. Mara nyingi kinacholia hapa ni kasha, si diski. Parafujo zilizolegea zikikazwa, au vipande vya mpira vikiwekwa baina ya diski na fremu yake, mvumo hupungua mara moja. Pia ni vyema kuhakikisha kwamba mshukiwa ndiye mkosaji. Feni iliyojaa vumbi huvuma vilevile, na njia rahisi ya kuzitofautisha ni kuizima tarakilishi, kuchomoa waya wa umeme wa diski, kisha kuiwasha kwa muda mfupi. Sauti ikiendelea ilhali diski haina umeme, basi diski imesingiziwa.

Mluzi mwembamba, “nyiii” isiyokatika, ulikuwa alama ya diski zilizotengenezwa kabla ya miaka ya mwanzo ya 2000. Mhimili wa mota zake ulizungukia juu ya gololi ndogo za chuma. Kadiri gololi zilivyolika na mafuta yake yalivyokauka, ndivyo mluzi ulivyozidi kupanda. Baadaye watengenezaji waliziacha gololi na kutumia beringi za majimaji, ambamo mhimili huzunguka juu ya utando wa mafuta bila chuma kugusana na chuma, na ndiyo maana diski za baadaye ni kimya zaidi. Mluzi huu ni wa uzee. Unaudhi, hasa usiku wa manane katika bweni, lakini diski inaweza kuendelea kupiga mluzi kwa muda mrefu huku ikisoma kila faili bila kosa.

Mtatariko, “ta-ta-tata-ta” iliyo hafifu, ni mkono unaposogea kutafuta faili zilizotawanyika. Ukisikika wakati programu inafunguliwa, hauna neno. Vivyo hivyo “tik” moja pale kipakatalishi kinapoegesha vichwa vyake ili kupumzika. Hata hivyo, mtatariko usiokoma ilhali mwenye tarakilishi hafanyi lolote, huku kufungua waraka mmoja kukichukua dakika nzima, ni jambo la kutiliwa shaka. Huenda diski inarudia kusoma mahali pamoja mara nyingi kwa sababu pameanza kuharibika.

Kugota ndiko kunakopaswa kumsimamisha mtu. “Tak… tak… tak…”, kwa mpigo ulio sawa kama wa mgeni mlangoni, maana yake ni kwamba kichwa kimeshindwa kuzisoma alama zinazokiongoza juu ya sahani. Mkono unarudi hadi kikomo chake, unajaribu tena, unashindwa tena. Chanzo chaweza kuwa kichwa kilichoharibika, sahani iliyojeruhiwa au kasoro katika bodi ya saketi. Mara chache chanzo huwa ni umeme hafifu, na kwa sababu hiyo si vibaya kubadilisha waya wa umeme mara moja kabla ya kukata tamaa. Mara moja tu.

Kukwaruza, “kwrrr” kama ya kisu juu ya sufuria, ni mauti yenyewe. Kichwa kimeiangukia sahani na kinaukwangua utando wa sumaku ambao ndio data. Kila mzunguko unafuta, na mizunguko ni 120 kwa sekunde. Hapa hakuna la kujaribu isipokuwa kuchomoa umeme papo hapo bila hata kungoja tarakilishi ijizime kwa utaratibu wake.

Kutokana na maelezo haya itabainika kwamba ukubwa wa sauti si kipimo cha hatari. Mluzi unaosikika chumba cha pili unaweza kuwa salama kuliko “tak” ndogo inayohitaji mtu ainamishe sikio. Wanaoizoea “tak” hiyo kwa sababu haiwasumbui ndio wanaofika kwa mafundi wa Luthuli Avenue wakiwa wamechelewa.

Diski yenyewe inasemaje?

Mbali na sikio kuna ushahidi mwingine. Tangu miaka ya 1990 diski huwa na utaratibu uitwao SMART, ambao huweka hesabu za afya yake: saa ilizofanya kazi, joto lake, sekta mbovu ilizozihama na sekta inazozishuku. Zipo programu za bure zinazozisoma hesabu hizo. Mwaka wa 2007 watafiti wa Google walichapisha uchunguzi wao kuhusu diski zaidi ya 100,000. Waligundua kwamba diski iliyopatikana na kosa lake la kwanza katika ukaguzi wa uso wa sahani ilikuwa na uwezekano mara 39 zaidi wa kufa katika siku 60 zilizofuata, ikilinganishwa na diski isiyokuwa na kosa kama hilo. Dalili ya mvua ni mawingu, na hesabu ya sekta mbovu ikianza kupanda, hata kwa namba ndogo, mawingu yameshatanda.

Uchunguzi huohuo ulitoa tanbihi nzito zaidi. Zaidi ya asilimia 36 ya diski zilizokufa hazikuwa zimeonyesha dalili yoyote katika hesabu za SMART, ukiondoa joto. Kwa maneno mengine, diski inayolia imemtendea mwenyewe hisani. Nyingi hazilii.

Kunusuru kabla ya kukarabati

Mtu akisikia kugota au akiona sekta mbovu, silika humtuma afanye mambo matatu: aizime na kuiwasha tena mara kadhaa, aendeshe programu ya kurekebisha makosa, na aipange upya diski ili iwe nyepesi. Yote matatu ni makosa. Kuwasha ndio wakati mgumu zaidi kwa mota na vichwa. Programu za kurekebisha na kupanga huisoma diski nzima na kuandika juu yake, nayo haina nguvu za kubebeshwa kazi hiyo. Mgonjwa mahututi hapelekwi mbio za nyika apimwe pumzi.

Utaratibu unaofaa ni kunakili kwanza, tena kwa kufuata umuhimu. Rekodi za nyanjani hutangulia, kwa kuwa hazina mbadala. Hufuata rasimu za tasnifu na maelezo ya utafiti. Kisha barua na picha. Muziki, filamu na programu hungoja mwisho au huachwa kabisa, kwa sababu hupatikana kwingine. Inasikitisha kwamba watu wengi huanza na folda ya kwanza wanayoiona, ambayo aghalabu ni ya filamu, na diski hukata roho kabla ya zamu ya tasnifu kufika.

Ikiwa diski bado inatambulika lakini inakwama hapa na pale, ni afadhali iondolewe na kuunganishwa na tarakilishi nyingine yenye afya kwa kutumia adapta ya USB, ili isilazimike kuubeba mfumo endeshi wakati inaponakiliwa. Kwa hali hiyo programu huria ya GNU ddrescue imewafaa wengi. Programu hii huinakili diski nzima hadi diski nyingine iliyo kubwa kiasi au zaidi. Huanza na sehemu zinazosomeka kwa urahisi, huziruka zile sugu, kisha huzirudia baadaye polepole. Huandika pia ramani ya kazi yake, hivyo umeme ukipotea katikati, jambo ambalo si geni katika mabweni yetu, huendelea palepale ilipoachia. Majaribio ya kuzifungua na kuzirekebisha faili hufanywa juu ya nakala. Diski mgonjwa haiguswi tena.

Mapendekezo kadhaa ya mitaani yanafaa kupingwa waziwazi. La kwanza ni kuigandisha diski katika jokofu. Huenda hila hiyo iliwahi kuiamsha diski kongwe mojamoja, lakini unyevu unaojikusanya juu ya sahani baridi ni adui tosha wa kichwa kinachoelea nanometa chache. La pili ni kuibadilisha bodi ya saketi kwa nyingine ya diski inayofanana nayo. Katika diski za zamani hilo liliwezekana. Lakini tangu bodi zilipoanza kubeba vipimo vya diski moja mahususi, kubadilisha bodi bila kuhamisha chipu yenye vipimo hivyo hakufui dafu. La tatu ni kuigonga. Zilikuwepo diski kongwe ambazo vichwa vyake viling'ang'ania sahani na mota ikashindwa kuanza, na mafundi wakazigutua kwa mkono. Kuihamishia dawa hiyo kwa kila diski ni kama kumpiga mgonjwa wa moyo mgongoni kwa sababu mwingine aliwahi kukwamwa na mwiba wa samaki.

Data isiyo na mbadala, katika diski inayokwaruza, ni kazi ya maabara yenye chumba kisicho na vumbi. Gharama yake ni kubwa. Uamuzi wa kuilipa au kutoilipa hauna budi kufanywa kabla ya majaribio ya nyumbani, kwa sababu kila jaribio huipunguzia maabara kilichobaki.

Diski mpya

Kuweka diski nyingine ni kazi nyepesi kuliko inavyodhaniwa. Tarakilishi huzimwa na kuchomolewa umeme. Anayeifungua hugusa chuma cha kasha ili kuondoa umemetuli mwilini. Nyaya mbili huchomolewa, parafujo nne hufunguliwa kwa bisibisi, na diski mpya huwekwa mahali pa ile ya awali. Parafujo ndefu kupita kiasi zinaweza kuitoboa bodi, kwa hiyo zitumike zilezile za kwanza.

Ugumu hujitokeza tarakilishi inapokuwa kongwe sana. Zile za kabla ya 2003 hutumia kebo pana bapa za IDE, na diski mbili zikiwa katika kebo moja hulazimu vijiti vidogo vya nyuma vipangwe ili moja iwe kuu na nyingine msaidizi. Nyingi pia haziwezi kuona zaidi ya gigabaiti 137 za diski, hata ikiwa kubwa kuliko hapo. Kuanzia 2003 kebo nyembamba za SATA zilishika nafasi hiyo, na fujo hizi zikaisha.

Mnunuzi wa mkono wa pili ana jambo moja la kudai kabla ya kutoa pesa: aonyeshwe hesabu za SMART. Mwaka mmoja una saa 8,760. Diski “mpya kabisa” iliyofanya kazi saa 26,000 imezunguka karibu miaka mitatu bila kupumzika, na lebo safi haibadilishi hilo.

Wengi sasa huzichagua diski za chipu, ambazo hazina sahani wala mota. Ni za kasi, hazijali kutikiswa katika basi la kwenda nyanjani, na hazitoi sauti yoyote. Sifa hii ya mwisho husifiwa bila kufikiriwa vya kutosha. Diski ya chipu nayo hufa, na mara nyingi hufa ghafla, asubuhi moja isitambulike kabisa, bila “tak” hata moja ya kumwamsha mwenyewe. Ikiwekwa kabatini miaka mingi bila umeme, inaweza pia kupoteza ilichohifadhi. Kwa hiyo anayeinunua ili aepukane na kelele anapaswa kununua pamoja nayo diski ya pili ya nakala-akiba, na nakala ya tatu akaiweka mahali pengine mbali na chumba chake, kwa kuwa mwizi wa tarakilishi huchukua na kilicho kando yake.

Diski kongwe iende wapi?

Diski iliyotolewa haitupwi wala haiuzwi hivihivi. Kufuta faili huondoa jina lake tu katika orodha. Maandishi hubaki juu ya sahani hadi yafunikwe na mengine. Watafiti wawili wa chuo cha MIT, Simson Garfinkel na Abhi Shelat, walinunua diski 158 zilizotumika na mwaka wa 2003 wakachapisha walichokipata. Kati ya diski 129 zilizokuwa zikifanya kazi, ni 12 tu zilizokuwa zimefutwa ipasavyo. Nyingine zilikuwa na barua, rekodi za matibabu na maelfu ya namba za kadi za benki.

Kwa mtafiti wa lugha, jambo hili linawagusa wengine. Mzee wa Vanga alikubali kurekodiwa kwa ajili ya tasnifu. Hakukubali jina lake, simulizi za ukoo wake na maneno aliyoyasema kuhusu majirani yafike katika tarakilishi ya mnunuzi asiyemjua. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019, lakini hata pasipo sheria, ahadi ilitolewa barazani. Diski ambayo bado inafanya kazi huandikwa sifuri juu yake yote kwa programu maalumu, shughuli ambayo huchukua saa kadhaa. Iliyokufa hufunguliwa, sasa bila hofu ya vumbi, na sahani zake zikakwaruzwa na kupindwa au kuvunjwa, huku macho yakikingwa, kwani baadhi ya sahani ni za kioo na hupasuka kama gilasi. Mabaki hupelekwa kwa wanaokusanya taka za elektroniki, lakini sumaku mbili za ndani, ambazo zina nguvu ajabu, mafundi hupenda kubaki nazo kwa kuokotea parafujo zilizoanguka.